Pumu ya Ukoo: Hukumu Isiyo na Kesi

"Hiyo ya kwao ni ya ukoo." Sentensi hii ikishatamkwa, mazungumzo yamekwisha. Mtoto wa Mamba, huku kwetu Upare, amekesha ameketi kitandani kwa sababu akijilaza hapumui. Dada wa Hedaru amekimbizwa hospitali kwa bodaboda kwa mara nyingine tangu masika yaanze. Mzee wa Vudee hawezi tena kupanda kutoka barabarani hadi kwake bila kusimama kila baada ya hatua chache. Watu wanauliza, wanajibiwa kwamba hata bibi yake alikuwa nayo, wanatikisa vichwa, kisha wanaulizana bei ya tangawizi.

Rai hii haishikwi na wazee wa milimani peke yao. Utaikuta kwa mwalimu wa sekondari, kwa muuzaji wa duka la dawa, kwa kijana aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam na simu yake janja, na wakati mwingine utaikuta imevaa koti jeupe. Ndiyo maana inastahili kujibiwa kwa kirefu, na kabla ya kujibiwa inastahili kuelezwa kwa haki.

Inasema hivi. Pumu hupita katika familia: alikuwa nayo bibi, akawa nayo mama, sasa anayo mjukuu. Kilichomo katika damu hakitoki kwa dawa. Kwa hiyo pumu ikiwa kali ni kwa sababu damu yenyewe imebeba iliyo kali, na dawa za steroidi, ambazo ndizo msingi wa tiba ya pumu duniani kote, "hazikubali" kwa watu wa damu hiyo. Ushahidi eti uko machoni: fulani kachomwa sindano, kameza vidonge, kapewa na ya kuvuta, na bado anabanwa. Waliosoma huongeza kwamba hata sayansi imekiri, kwani Wazungu wamezipata jeni za pumu, na wamezipata pia jeni za watu wasiosikia steroidi. Hitimisho: vumilia, epuka baridi ya mlimani, na kifua kikizidi kimbilia sindano.

Sehemu ya kwanza ya hoja hii ni kweli, na niikubali mapema tusipoteze muda. Uchunguzi wa mapacha umeonyesha mara nyingi kwamba pacha wa kufanana hushirikiana pumu zaidi kuliko pacha wasiofanana. Katika kisiwa cha Tristan da Cunha, kusini mwa Bahari ya Atlantiki, ambako wakazi ni uzao wa walowezi wachache wa karne ya 19, watafiti walikuta zaidi ya nusu ya watu wana dalili za pumu kwa kiwango fulani. Mwaka 2007 ikatangazwa kwamba sehemu moja ya kromosomu ya 17 inahusika na pumu ya utotoni. Kwa hiyo sidai kwamba pumu hairithiwi. Hurithiwa, kwa sehemu. Ninachobishia ni safari inayoanzia kwenye ukweli huo na kuishia makaburini, huku kila mmoja njiani akiamini kwamba hakukuwa na la kufanya.

1. Ukoo upi huo?

Sisi Wapare huhesabu ukoo kwa baba. Mtoto wa Msuya ni Msuya, wa Mshana ni Mshana, na hakuna mjadala. Vinasaba havijapewa taarifa hiyo. Vyenyewe huchukua nusu kwa baba na nusu kwa mama, kwa hiyo mjomba wako, ambaye si wa ukoo wako, ana sehemu katika kifua chako sawa na baba yako mdogo anayekaa nawe kwenye vikao vya ukoo. Pumu "ya ukoo" kwa maana ya kikao cha ukoo haipo.

Sikiliza pia jinsi sifa na lawama zinavyogawanywa. Mtoto akiwa wa kwanza darasani, ni damu yetu. Akibanwa na kifua, ni ya kwao mama yake. Ajabu ya damu hii ni kwamba inajua kuchagua: akili inapita kwa baba, ugonjwa unapita kwa mke aliyeolewa kutoka Gonja. Anayeamini hivyo asijisingizie sayansi, sayansi haimjui.

Na hiyo damu yenyewe ni ya nani? Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wetu, alikusanya simulizi za koo za Upare na kuzichapisha mwaka 1969. Ukimsoma utakuta koo zilizokuja kutoka Taita, nyingine Usambara, nyingine upande wa Kilimanjaro, zikaoana, zikapigana, zikachukuliana ardhi na utawala. Ugweno, Usangi, Mbaga na Chome ni historia nyingi zilizokutana mlimani. Tofauti ya vinasaba kati ya watu wawili wa ukoo mmoja inaweza kuwa kubwa kuliko wanavyodhani wazee wanaowapangia nani aoe wapi.

Kuna jambo lingine ambalo familia hurithishana bila mtu kulitaja kwenye kikao: jiko. Chakula chetu cha fahari ni makande, na makande ya kweli hayaharakishwi. Mahindi na maharage hukaa motoni kwa saa nyingi. Moto huo ni wa kuni, juu ya mafiga matatu, ndani ya chumba kisicho na dohani, kilicho na dirisha dogo lililozibwa gunia kuzuia baridi. Bibi alivuta moshi huo, mama akauvuta akiwa mgongoni mwa bibi, mjukuu anauvuta akiwa mgongoni mwa mama. Mtu anayeuona ugonjwa ukipita kutoka mwanamke hadi mwanamke ndani ya chumba chenye kuta nyeusi kwa masizi, kisha akalaumu damu peke yake, hajatazama juu.

2. Damu ile ile, pumzi tofauti

Kama damu ndiyo inayoamua, watu wa damu moja wangeumwa sawasawa popote waendako. Hawaumwi sawasawa.

Marekani kuna jumuiya mbili za kidini za wakulima, Waamish na Wahutterite. Asili zao ziko Ulaya, na vinasaba vyao vinakaribiana sana. Matokeo ya utafiti uliochapishwa mwaka 2016 yalikumbusha kwamba kati ya watoto wa shule wa Waamish, wenye pumu ni kama asilimia 5. Kwa Wahutterite ni kama asilimia 21. Waamish hulima kwa njia za zamani, mifugo ikiwa hatua chache kutoka mlangoni. Wahutterite wana mashamba makubwa ya mashine, mbali na nyumba. Watafiti walipochukua vumbi la nyumba za Waamish na kulijaribu kwa panya, lilizuia dalili zinazofanana na pumu. La Wahutterite halikuzuia. Sisemi mtoto wa Suji alazwe na mbuzi. Nasema jeni zilizokaribiana zimetoa namba zinazopishana mara nne, na ukoo hauna jibu la swali hilo.

Mfano wa Afrika ni mkali zaidi. Mwaka 1979 watafiti wa Afrika Kusini walilinganisha watoto wa Kixhosa. Kwa wale wa vijijini Transkei walikuta pumu kwa asilimia 0.14, kwa wale wa Cape Town, asilimia 3.17. Watu wale wale, lugha ile ile, koo zile zile, na tofauti inazidi mara ishirini. Hapa jirani Kenya, mwaka 1998, watoto wa shule wa Nairobi na wa Murang'a walikimbizwa kisha wakapimwa pumzi. Waliobanwa kifua baada ya mbio walikuwa karibu asilimia 23 mjini na asilimia 13 kijijini.

Sasa rudi kwetu, wilayani Same. Familia imeshuka kutoka mlimani na kujenga kando ya barabara kuu, kwenye vumbi, moshi wa malori na joto la nyika. Mtoto aliyekuwa akipumua vizuri anaanza kubanwa. Mama mkwe anatangaza: "Si mnaona? Ilikuwa ndani yake." Labda ilikuwa. Lakini ilikuwa ndani yake hata alipokuwa mlimani, na alikuwa akilala.

3. Dawa inayoziamuru jeni

Sasa tuingie kwenye moyo wa hoja: kwamba pumu ya kurithi haisikii steroidi.

Steroidi ikiingia ndani ya seli hushikana na kipokezi chake. Viwili hivyo huingia kwenye kiini cha seli na kwenda moja kwa moja kwenye vinasaba. Huko, jeni zinazochochea uvimbe wa njia za hewa huzimwa, na baadhi ya zile zinazotuliza huwashwa. Hiyo ndiyo kazi yake. Dawa inayodaiwa haiwezi kitu mbele ya jeni huishi kwa kuziamuru jeni. Anayesema steroidi haifai kwa sababu ugonjwa uko kwenye vinasaba ni sawa na anayemfukuza fundi umeme kwa sababu hitilafu iko kwenye nyaya.

"Lakini kuna jeni za watu wasiosikia dawa," atanijibu kijana wa simu janja. Zipo zilizotajwa, na maarufu kuliko zote ni GLCCI1. Mwaka 2011 kundi la watafiti likiongozwa na Kelan Tantisira wa Boston lilitangaza kwamba wagonjwa waliorithi umbo fulani la jeni hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili walinufaika kidogo na steroidi ya kuvuta: nguvu ya pumzi yao iliongezeka kwa asilimia 3.2, ilhali wale wasio na umbo hilo waliongezeka kwa asilimia 9.4. Ni theluthi. Theluthi si sifuri. Halafu kuna namba ambayo haisambazwi kwenye simu: tofauti hiyo ya jeni ilieleza kama asilimia 6.6 tu ya kupishana kwa wagonjwa katika kuipokea dawa. Asilimia nyingine 93 na ushee ziko kwingine. Na baadhi ya tafiti zilizofuata hazikuuona uhusiano huo kabisa. Huo ndio "ushahidi wa Wazungu" unaotumika kumnyima dawa mtoto wa Kisiwani ambaye jeni zake hakuna aliyezipima wala anayekusudia kuzipima.

Wagonjwa wasiosikia steroidi wapo. Walielezwa na madaktari tangu mwaka 1968. Lakini Peter Barnes wa London, aliyeutafiti ugonjwa huu kwa miaka mingi, anakadiria kwamba wasioisikia kabisa hawafiki mmoja kati ya wagonjwa 1,000 wa pumu. Kuna pia familia chache sana duniani zenye hitilafu ya kurithi katika kipokezi chenyewe cha steroidi. Hizo ndizo zingestahili kuitwa za ukoo, na kwa kawaida kinachowasumbua ni shinikizo la damu na uchovu, wala si pumu.

Mmoja kati ya 1,000. Ukisikiliza maongezi ya stendi ya Same, utadhani wote wamejaa basi moja.

4. "Haikubali": dawa ipi, na imetumikaje?

Mtu akisema steroidi imemshinda, swali la kwanza ni kama aliwahi kuitumia.

Mara nyingi kinachoitwa "dawa ya kuvuta" ni inhela ya bluu, yaani salbutamoli. Hiyo si steroidi. Hulegeza misuli ya njia za hewa kwa saa chache, mgonjwa akapata nafuu, na uvimbe wa ndani ukabaki kama ulivyo. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, umeacha kupendekeza mtu atibiwe kwa dawa hiyo peke yake, kwa sababu inatuliza dalili huku hatari ikiendelea kukua. Vidonge vya salbutamoli na vya aminofilini navyo si steroidi. Mtu anaweza kumeza na kuvuta miaka kumi bila kugusa tiba yenyewe, kisha akahitimisha kwamba tiba imemshinda.

Wengine wamepata steroidi, lakini kwa namna ya ajabu. Wanafika hospitali usiku wakitweta, wanachomwa haidrokotisoni, wanawekewa mashine ya mvuke, asubuhi wanaruhusiwa kwenda nyumbani mikono mitupu. Baada ya wiki tatu wanarudi. Hapo steroidi imepewa zamu ya usiku mmoja na kuhukumiwa kifungo cha maisha.

Wachache wamepewa inhela yenye steroidi, kwa mfano beklometasoni. Dawa hii haileti nafuu papo hapo. Inadai kuvutwa kila siku, hata siku ambazo kifua kimetulia, na faida yake kamili huonekana baada ya wiki kadhaa. Mgonjwa anaivuta siku nne, haoni tofauti na ile ya bluu, anaiweka kabatini. Au anaonywa na majirani: ukianza huachi, inaharibu moyo, ni ya watu wanaokaribia kufa. Majirani hao hao hawana wasiwasi wowote akinunua prednisoloni dukani bila cheti kila anapobanwa.

Tufanye hesabu. Kozi moja ya kawaida ya prednisoloni kwa mtu mzima ni miligramu 40 kwa siku 5, yaani miligramu 200. Beklometasoni ya kuvuta kwa kipimo cha chini cha mikrogramu 200 kwa siku, mwaka mzima, ni miligramu 73. Ni kweli hizi ni dawa tofauti na uzito wake haulingani nguvu moja kwa moja, lakini ile ya kuvuta huenda kifuani penyewe, na ile ya kumeza huzunguka mwili wote. Kozi zikirudiwa mara kwa mara huleta mifupa dhaifu, sukari, shinikizo la damu, mtoto wa jicho, na kwa watoto kudumaa. Hofu yetu imeelekezwa kwenye kopo lisilo na hatia, na imani yetu kwenye pakiti yenye madhara.

Mwisho kuna mkono. Inhela isiyotikiswa, inayobonyezwa kabla ya kuvuta pumzi, huishia ulimini na kooni. Dawa ya mtoto huhitaji chombo cha kati kinachoishikilia mpaka aivute. Visingizio vya bei navyo vina jibu: mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako na kuwekewa inhela vizuri, inafanya kazi sawa na chombo cha kiwandani. Chupa hizo zimezagaa kando ya barabara kuu kutoka Hedaru hadi Same. Tunazifagia, kisha tunalaumu jeni.

Shirika la Afya Duniani limeigawa pumu kali katika mafungu matatu: kali kwa sababu haijatibiwa, kali kwa sababu kuna vikwazo, kama matumizi mabaya ya dawa, moshi au maradhi mengine, na kali inayokataa tiba hata baada ya hayo yote kurekebishwa. Ni fungu la tatu tu ambalo linaweza kubishana na dawa kwa niaba ya jeni. Uholanzi, nchi yenye kila dawa, walipowachuja wagonjwa kwa kuangalia nani anatumia dawa ipasavyo na kwa ufundi sahihi, waliobaki katika fungu hilo walikuwa asilimia 3.6 ya watu wazima wenye pumu. Milimani kwetu mtu anaingizwa fungu la tatu bila kupita la kwanza na la pili.

5. Huenda si pumu. Huenda ni jiko

Kuna uwezekano mwingine ambao sentensi ya ukoo huuzika: dawa ya pumu haisaidii kwa sababu ugonjwa si pumu. Kifua kinachobana na kukohoa kinaweza kuwa kifua kikuu, au makovu kilichoyaacha, au moyo ulioshindwa, au vumbi la migodini lililokaa kwenye mapafu ya kijana aliyerudi kutoka Mirerani. Kinaweza pia kuwa ule ugonjwa sugu wa mapafu unaoziba njia za hewa pole pole kwa moshi, ambao madaktari huuita COPD. Katika eneo moja la vijijini hapa Tanzania, watafiti waliwapima watu wazima kwa mashine ya pumzi na, katika matokeo waliyochapisha mwaka 2018, walikuta asilimia 17.5 wana ugonjwa huo. Karibu kila kaya ilipikia kuni au mkaa. Kuni za huko haziwaki tofauti na za Chome.

Na hata penye pumu ya kweli, moshi unaweza kuifunga mikono dawa. Huko Glasgow mwaka 2003, wagonjwa wa pumu walipewa prednisoloni miligramu 40 kwa siku 14. Wasiovuta sigara walipata nafuu, wavutaji hawakupata. Sababu moja inayotajwa ni kwamba moshi hudhoofisha kimeng'enya kiitwacho HDAC2, ambacho steroidi hukitumia kuzima jeni za uvimbe. Moshi wa kuni si moshi wa sigara, na sitadai kwamba jaribio la Glasgow linahukumu kila jiko la Upare. Nadai tu kwamba "kutosikia steroidi" kunaweza kutengenezwa na moshi katika maisha ya mtu mmoja, bila msaada wa babu yeyote. Anayemshauri mgonjwa avumilie damu yake huku amemkalisha kando ya mafiga anamnyima dawa na kumpa ugonjwa kwa wakati mmoja.

6. Jeni za nani?

Sura ya kisasa kabisa ya rai hii husema: "Miili yetu Waafrika haiendani na steroidi." Imevaa vazi la kujitambua, lakini ndani ni unyonge.

Hadi mwaka 2018, karibu asilimia 78 ya watu walioshiriki katika tafiti kubwa za kuhusisha jeni na magonjwa walikuwa wa asili ya Ulaya. Wenye asili ya Afrika walikuwa kama asilimia 2. Afrika ndiyo yenye utajiri mkubwa kuliko wote wa tofauti za vinasaba, na ndiyo iliyosomwa kidogo. Hata ile sehemu ya kromosomu ya 17 iliyoleta kelele mwaka 2007 huonyesha nguvu ndogo kwa watu wenye asili ya Afrika kuliko kwa Wazungu. Wagonjwa wa utafiti wa GLCCI1 walikuwa Wazungu pia. Kwa hiyo anayemsomea mama wa Ndungu matokeo hayo kama hatima yake anamsomea barua ya mtu mwingine.

Palipochunguzwa watu weusi, hadithi haikwenda inavyodaiwa. Mwaka 2019 huko Marekani yalitoka matokeo ya utafiti wa BARD, uliowahusu watoto na watu wazima weusi ambao pumu yao haikudhibitiwa vizuri. Walipewa njia mbalimbali za kuongeza tiba, na wote waliendelea na steroidi ya kuvuta kama msingi. Kiwango cha asili ya Kiafrika kilichopimwa katika vinasaba vyao hakikutabiri nani angenufaika na njia ipi. Hakuna aliyehitimisha kwamba watu weusi wasipewe steroidi. Hitimisho hilo linapatikana huku kwetu tu, na linatolewa bure.

7. Nani anafaidi?

Rai ikidumu hivi bila ushahidi, tafuta anayelishwa nayo.

Inamlisha mwenye zahanati isiyo na inhela ya steroidi kwenye rafu, ingawa dawa hiyo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani; badala ya kuulizwa dawa iko wapi, anaulizwa mgonjwa katoka ukoo gani. Inamlisha mume ambaye ameezeka sebule kwa bati jipya na kuliacha jiko bila dohani. Inawalisha wauzaji wa matumaini. Mwaka 2011 nchi ilipofurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, waliokuwa wakihubiri kwamba kilicho katika damu hakina dawa hawakuhubiri hivyo kwenye foleni. Damu, inaonekana, hukataa dawa ya hospitali tu.

Wanaolipa tunawajua. Analipa binti ambaye posa yake inarudi kimya kimya baada ya wazee "kuchunguza" kwao. Analipa mama anayeificha inhela ya mwanawe wageni wakija, mpaka usiku ambao hawaikumbuki ilipofichwa. Analipa mwanafunzi anayekatazwa michezo na kuitwa mgonjwa, wakati pumu iliyodhibitiwa haimzuii mtu kukimbia. Na analipa mzee wa miaka hamsini mwenye mifupa ya miaka themanini, kwa vidonge alivyojinunulia miaka yote akiikwepa dawa ya kuvuta.

Cha ajabu zaidi, ukoo wenyewe, ukichukuliwa kwa uzito, ungetoa ushauri kinyume kabisa. Kama ni kweli familia yako ina historia ya pumu, basi wewe ndiye wa kupimwa mapema, jiko lako ndilo la kwanza kuwekewa dohani, na mtoto wako ndiye wa kwanza kupewa dawa ya kila siku na kufundishwa kuivuta. Historia ya familia ni sababu ya kuharakisha, na sisi tumeigeuza kuwa ruhusa ya kuketi.

Mpare huchekwa nchi nzima kwa kupenda kesi. Husemwa kwamba yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Tuuchukue utani huo na tuutumie mahali unapofaa, kwa kuwa hii ni hukumu tuliyoipokea bila shauri. Anayemwambia mgonjwa "ni ya ukoo" aulizwe, mbele ya watu: alipimwa pumzi na nani? Kifua kikuu kimeondolewa kwenye orodha? Alipewa steroidi ya kuvuta, au ya bluu? Aliivuta kila siku kwa miezi mingapi, na nani alimtazama anavyoivuta? Jiko lake lina dohani? Akijibu yote vizuri na mgonjwa bado anabanwa, basi huyo ni mmoja wa wachache wa kweli, na anastahili rufaa ya haraka kwenda hospitali ya KCMC badala ya pole. Asipoweza kujibu hata moja, hajatuambia lolote kuhusu damu ya mgonjwa. Ametuambia tu kwamba hana nia ya kumtibu.